Mbwa Mchanga Apelekwapo kwa Mwalimu

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Kisangani, tangu Banalia mpaka Ubundu, na tangu Isangi mpaka Bafwasende, mbwa si pambo la nyumba. Ni mfanyakazi. Hulinda shamba la mihogo na la mpunga lisiliwe na ndezi. Hufuatana na baba mwituni. Na siku ya bahati humtoa paa kichakani, jamaa wakapata kitoweo. Lakini mbwa hazaliwi akiijua kazi hiyo, kama vile mtoto asivyozaliwa akijua kusoma. Huzaliwa na pua, na miguu, na hamu. Mengine yote hufundishwa.

Siku hizi akina baba wengi hukaa mjini, Mangobo, Kabondo, au ng'ambo ya mto huko Lubunga, na huku wana mashamba kandokando ya njia ya Buta au ya Lubutu. Mmoja wao hupata mtoto wa mbwa, naye hana nafasi ya kumfundisha, kwa kuwa kazi humshika tangu asubuhi mpaka jioni. Husikia habari za msasi mzee wa kijiji fulani, apokeaye mbwa wa watu na kuwarudisha wakiwa wawindaji kamili. Ndipo ajiulizapo: Je, yafaa nimpeleke wangu? Atakaa huko muda gani? Nitatoa nini? Na akirudi, atakuwa mbwa wangu bado, au wa yule mzee?

Maswali haya ni ya haki, wala si madogo. Wako ndugu walioacha kusalimiana kwa sababu ya mbwa mmoja. Kwa hiyo twaona inafaa kuyaeleza mambo haya kwa utaratibu, ili kila mtu apate kuamua kwa akili.

MBWA HUYU NI NANI?

Kwanza tumjue tunayetaka kumpeleka shuleni. Mbwa wa asili wa misitu yetu ni mdogo wa umbo, mwenye manyoya mafupi, masikio yaliyosimama, na mkia uliojikunja juu ya mgongo. Dume hufikia kimo cha sentimeta 43 hivi, na uzito wa kilo 11 au karibu. Habweki kama mbwa wa Ulaya. Aweza kulia, kunguruma, na kutoa sauti kama ya mtu aimbaye huku akigeuzageuza koo, lakini kubweka mfululizo si desturi yake. Tena jike wake kwa kawaida hutafuta dume mara moja tu kwa mwaka, hali majike ya mbwa wengine wengi hutafuta mara mbili.

Mwaka 1870 msafiri Mjerumani, Georg Schweinfurth, alipita katika nchi ya Wazande, akawaona mbwa wa namna hii. Aliandika kwamba walivikwa shingoni kengele ndogo za mti, wasipotee katika majani marefu. Mwaka 1895 wachache walionyeshwa London katika maonyesho makubwa ya mbwa yaitwayo Crufts, lakini hawakuishi. Waliuawa na homa ya mbwa. Mwaka 1937 wengine waliotoka Kongo walionyeshwa huko huko na Bibi Olivia Burn, na watu wakasongamana kumtazama mbwa asiyebweka. Tangu hapo ukoo wao umeenea Uingereza, Marekani na kwingineko.

Wageni hao humwita "basenji". Neno hilo ni letu wenyewe. Ndilo lile wasemalo watu wa pwani "washenzi", yaani watu wa porini wasio na adabu ya mji. Ni neno la dharau, wala halifai kutamkwa juu ya binadamu ye yote. Lakini tazameni jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1987 na mwaka 1988 wafugaji wa Marekani walifunga safari mpaka kaskazini-mashariki ya nchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati huo, kutafuta mbwa hawa hawa katika vijiji. Maana wale wa kwao walikuwa wametokana na wazazi wachache mno, na ugonjwa wa figo wa kurithi ulikuwa umewaingia. Walihitaji damu mpya, wakaijia kwetu. Mwaka 1990 chama cha Marekani kinachoandikisha mbwa kilikubali kuwatia mbwa wale wa vijijini katika daftari lake.

Basi, mwenye mbwa wa kijiji asimdharau kwa kuwa hana karatasi. Mbwa waletwao kutoka nchi za baridi mara nyingi hufa upesi huku kwa ugonjwa uenezwao na mbung'o. Huyu wetu amezaliwa katika nchi yake, na babu zake wameizoea.

HUFUNDISHWA NINI?

Wengi hudhani kuwa mwalimu wa mbwa humfundisha kukimbiza wanyama. Hapana, kukimbiza amezaliwa nako. Hufundishwa kukimbiza kwa faida, pamoja na mtu, na kwa kiasi.

Mwalimu wa kwanza si mtu, ila ni mbwa mzee. Msasi humtoa mwanafunzi pamoja na mbwa mmoja au wawili walio watulivu, wasiogombana, nao humwonyesha njia. Mchanga huona mzee akinusa, naye hunusa. Mzee akigeuka, naye hugeuka. Msasi asiye na mbwa mzee mwema ni kama shule isiyo na kitabu.

Kisha ni kengele. Kwa kuwa mbwa wetu hukimbia kimya, msasi hamjui alipo msituni asipovaa kengele ya mti. Njiani kengele huzibwa kwa majani, wanyama wasishtuke. Mahali pa kuwinda hufunguliwa. Mbwa mchanga akivikwa mara ya kwanza huogopa sauti itokayo shingoni mwake mwenyewe, akakimbia kama aliyefukuzwa na nyuki. Mwalimu mwema humvika nyumbani kwanza, wakati wa kula, mpaka sauti ile imzoeze mambo mema.

Katika msitu wa Ituri, Wambuti wawindao kwa nyavu, na Waefe wawindao kwa pinde na mishale, hutumia mbwa namna hiyo ili kumtoa mnyama mafichoni. Mbwa hasemi neno. Ni kengele yake isemayo. Mwenye masikio ya kazi hujua kwa mlio wake kama mbwa anatafuta tu, au amepata, au amepotea.

Halafu yako mafundisho manne ambayo hapana budi mbwa ayajue kabla ya kurudi kwa bwana wake: kulijua jina lake, kuja aitwapo, hata kama ana hamu ya jambo jingine, kungoja bila kufungwa, na kuacha. La mwisho ndilo kubwa kuliko yote, nasi tutalirudia.

Kwa njia gani hufundishwa? Mbwa hana kumbukumbu ya hesabu kama mtu. Akitenda vema, apewe kipande cha chakula au sifa saa ile ile. Akikosa, azuiwe saa ile ile. Ukimpiga jioni kwa kosa la asubuhi, hajui apigwalo. Ajua tu kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa. Naye mbwa amwogopaye bwana wake haji aitwapo. Basi fimbo imeharibu somo lile lile ililotaka kulifundisha.

Huku na huku husikika desturi ya kumtia mbwa dawa kali puani, hata pilipili, ati anuse vizuri. Yafaa kuiacha. Pua ya mbwa ndiyo jicho lake. Nani ampigaye mwanafunzi machoni ili asome zaidi?

UMRI WA KUMPELEKA

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Lakini kukunja si kuvunja. Mtoto wa mbwa asitengwe na mama yake kabla ya majuma manane. Tangu juma la tatu mpaka la kumi na mbili hivi ndio wakati wa kuujua ulimwengu: sauti za watu, watoto, kuku, mbuzi, pikipiki, mvua juu ya mabati. Kazi hii ni ya nyumbani, wala hakuna mwalimu awezaye kuifanya badala yako baadaye. Mbwa aliyefungwa gizani miezi yake ya kwanza, ati awe mkali, atarudi mwoga hata akipelekwa kwa msasi bora wa Tshopo yote.

Baada ya hapo alelewe nyumbani mpaka awe na miezi sita au zaidi, meno ya utoto yametoka, na miguu imekomaa. Ndipo aweza kukaa na mwalimu. Masomo yawe mafupi, kila siku kidogo. Kumkimbiza mbwa wa miezi minne mchana kutwa ni kumvunja kabla hajaanza.

Zaidi ya hayo, asiondoke bila chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida tangu miezi mitatu, nayo hurudiwa kama daktari wa mifugo aagizavyo. Neno hili si la ziada. Karibu watu wote wapatao kichaa cha mbwa hukipata kwa kuumwa na mbwa, na ugonjwa ukiisha kujionyesha, mgonjwa kwa kawaida haponi. Mbwa wako atakwenda kukaa na mbwa wa watu wengine, katika uwanja wa watoto wa mtu mwingine. Ukimpeleka bila chanjo, umepeleka hatari nyumbani kwa mwenzako. Na mtu ye yote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe upesi kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, kisha aende hospitali siku ile ile, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

KUMCHAGUA MWALIMU

Iko methali ya Waswahili isemayo: Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Maana yake ni kwamba mbwa huonyesha tabia ya bwana wake. Kwa hiyo, usiusikilize mdomo wa msasi. Watazame mbwa wake.

Wakimwona, je, huja mikia juu, au hutambaa kwa tumbo? Je, mbavu zao zaonekana? Wana majeraha yasiyotunzwa? Akimwita mmoja, huja huyo mmoja, au hukimbia wote? Mwombe akupeleke naye mwituni asubuhi moja. Mwalimu wa kweli hatakataa. Atakayekataa, labda anacho cha kuficha.

Mwulize pia anawinda wapi, na anawinda nini. Usione haya. Mtu amwombaye mwalimu wa mtoto wake habari za shule si mgomvi. Msasi aingiaye katika mbuga zilizokatazwa atamwingiza na mbwa wako. Akikamatwa, mbwa wako amekamatwa pamoja naye; na mbaya zaidi, mbwa aliyefundishwa kufuata mnyama aliyekatazwa atakurudishia tabia hiyo nyumbani.

MAPATANO YAWE WAZI

Hapa ndipo ugomvi mwingi uzaliwapo. Ndugu wawili hupatana kwa kinywa, kwa kuwa waonea haya kuandika. Baada ya miezi sita kila mmoja akumbuka maneno yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yatosha, pamoja na mashahidi wawili, mmoja wa kila upande. Ielezwe hivi:

1. Mbwa ni wa nani, rangi yake na alama zake, asije akabadilishwa.

2. Atakaa muda gani, na mwenyewe ataruhusiwa kumtembelea lini.

3. Mwalimu atapewa nini: fedha, au mchele, au chumvi na sabuni, au sehemu ya nyama; na atapewa lini, mwanzo au mwisho.

4. Chakula na dawa ni juu ya nani.

5. Nyama ipatikanayo wakati wa mafundisho ni ya nani. Desturi nyingi humpa mwalimu, maana yeye ndiye aliyetoka jasho, lakini isemwe.

6. Mbwa akifa kwa nyoka, au kwa nguruwe wa mwitu, au kwa ugonjwa, itakuwaje. Kazi ya msitu ina hatari zake, wala si haki kumdai mwalimu aliyefanya yote yampasayo. Lakini aliyempoteza kwa uzembe, au kumwuza, hana udhuru.

7. Ikiwa ni jike, watoto wake watakuwa wa nani. Kwa kuwa jike wa kwetu huzaa mara moja kwa mwaka, uzao huo una thamani, na wengi wamegombana juu yake.

Mwalimu mwaminifu hatachukizwa na karatasi hii. Yamlinda yeye kuliko wewe, kwa sababu mbwa akifa mikononi mwake, yeye ndiye atakayeshtakiwa kwanza.

MWENYEWE NAYE ASOME

Twafika sasa kwenye kosa ambalo wengi hulifanya. Humpeleka mbwa, humtoa akilini kwa miezi mingi, kisha humchukua nyuma ya baiskeli ya toleka na kumrudisha mjini, na kesho yake wastaajabia kwamba hasikii neno. Husema: "Yule mzee ametudanganya." Lakini mzee hakudanganya. Mbwa amejifunza kumtii mzee, na wewe hukujifunza kuamuru.

Mfano mwema umeonekana katika nchi yetu yenyewe. Mwaka 2011 Mbuga ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa wanusaji huko Rumangabo, kwa kusaidiwa na Mswisi Marlene Zähner, mfunzi wa mbwa. Waliletwa mbwa wakubwa wa kunusa, wenye masikio marefu yaning'iniayo, ili kufuata nyayo za majangili. Lakini hawakufundishwa mbwa peke yao. Askari wa mbuga nao walifundishwa: kumlisha mbwa, kumsafisha, kuisoma shingo yake na mkia wake, kujua lini amepata harufu na lini amechoka. Mwaka uliofuata walikuwa tayari kutumwa kufuata nyayo za watu waliomwua tembo. Mbwa na mtu walikuwa kama mkono na jembe.

Basi na wewe ufanye vivyo hivyo kwa kiasi chako. Mtembelee mbwa mara kwa mara. Kaa siku mbili tatu za mwisho pamoja na mwalimu, umfuate mwituni, useme maneno yale yale, kwa sauti ile ile.

Tena angalia jambo la lugha. Msasi wa njia ya Lubutu humwita mbwa kwa Kikumu. Nyumbani Mangobo baba husema Kiswahili, mama Kilingala, na watoto watokao shule humwamuru kwa Kifaransa. Mbwa maskini husimama katikati, hajui amtii nani, na watu husema ni mpumbavu. Patana na mwalimu tangu siku ya kwanza juu ya maneno manne au matano, mafupi, yasiyofanana. Na nyumba nzima iyatumie hayo. Mtoto mdogo naye ayajue, ila asipewe ruhusa ya kumchezea mbwa kwa kumwamuru bure. Neno lisemwalo bila maana hupoteza nguvu, kwa mbwa kama kwa watu.

SOMO LA KUACHA

Tulisema kuwa somo kubwa kuliko yote ni kuacha. Sababu yake ndiyo hii: msitu wa leo si msitu wa babu zetu. Watu wameongezeka, njia zimefunguka, bunduki zimeenea, na nyama ya msitu huchukuliwa mpaka sokoni mjini. Mzee yeyote wa Bafwasende atakuambia umbali aliotembea kumpata paa alipokuwa kijana, na umbali atembeao mwanawe.

Sheria ya kuwinda ya nchi yetu, ya tarehe 28 Mei 1982, yataka mwindaji awe na ruhusa. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 yalinda wanyama na mahali pao. Mbuga ya Maiko, iliyowekwa mwaka 1970, yaingia katika Mkoa wetu wa Tshopo; humo kuwinda ni marufuku. Okapi, fahari ya Kongo, alilindwa tangu mwaka 1933. Tausi wa Kongo, ndege ambaye wataalamu hawakumtambua mpaka mwaka 1936, hutafuta chakula chake chini, ambapo mbwa humfikia kwa urahisi.

Mbwa hajui sheria. Hajui kama harufu ile ni ya ndezi mharibifu wa mpunga, au ya mtoto wa okapi. Ni bwana wake ajuaye. Lakini kujua kwake kwafaa nini, ikiwa mbwa hasikii aambiwapo "acha"? Mbwa asiyefundishwa huua ovyo: jike lenye mimba, mtoto mchanga, mbuzi wa jirani. Mbwa aliyefundishwa vema huua kidogo, naye huua kilichokusudiwa. Kwa hiyo yule asemaye kwamba kufundisha mbwa ni kuumaliza msitu hajalipima jambo. Anayeumaliza upesi zaidi ni mbwa asiye na mwalimu, na bwana asiye na kiasi.

Somo hilo hilo la kuacha laokoa maisha ya jamaa. Mnyama akikutwa amekufa msituni, asiguswe na mtu wala na mbwa. Nchi yetu yaijua ebola tangu Yambuku, mwaka 1976, na mizoga ya msitu ni mojawapo ya njia zake. Mbwa aitwaye akauacha mzoga, amewatumikia watoto wako kuliko aletaye paa watatu.

MANENO YA MWISHO

Je, yafaa basi kumpeleka mbwa mchanga kwa mwalimu? Yafaa, ikiwa mwenyewe hana ujuzi wala nafasi. Ikiwa mbwa amekomaa na kuchanjwa. Ikiwa mwalimu ni mtu mpole, mwaminifu, aiheshimuye sheria. Na ikiwa mapatano yameandikwa. Haifai, ikiwa mwenyewe ataka tu kumwondoa mbwa msumbufu nyumbani, au ataka nyama bila taabu.

Nasi twawakumbusha akina baba wa mjini jambo moja zaidi. Wale wasasi wazee wanaojua kuchonga kengele ya mti na kuusikiliza mlio wake wanapungua mwaka kwa mwaka. Elimu yao haikuandikwa. Ukimpeleka mbwa wako, mpeleke pamoja na mwanao wakati wa likizo, akae pale, aulize, aone, na ayaandike katika daftari lake ayasikiayo. Mbwa ataishi miaka kumi na michache. Daftari la mtoto laweza kudumu zaidi.